Kanuni ni za Nani? Chandimu, Basel na Ukomavu wa Mtu katika Bonde la Kilombero

Mtaala wa Tanzania ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeipa michezo nafasi katika mkondo wa amali wa sekondari. Pamoja nao limepata nguvu dai linalorudiwa kana kwamba halihitaji ushahidi: mtoto akifundishwa mchezo atapata nidhamu, nidhamu itampatia ufadhili wa kusoma ng'ambo, na huko ng'ambo atakomaa. Naiunga mkono hatua yenyewe kwa moyo wote, hasa nikikumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa. Ninachokikataa ni mantiki ya dai hilo. Mtu hakomazwi na mchezo wala na safari. Hukomazwa na kauli aliyonayo juu ya kanuni za kile anachokifanya.

Kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, hakuna anayebisha. Ubishi ni juu ya namna. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Jean Piaget alichapisha uchunguzi wake wa watoto wa Geneva na Neuchâtel waliokuwa wakicheza gololi. Wadogo waliziona kanuni kuwa amri isiyoguswa. Waliowazidi umri waliziona kuwa makubaliano, yanayoweza kubadilishwa wote wakiridhia. Wengi waliomfuata Piaget wameng'ang'ania umri na hatua zake. Wameliacha jambo zito zaidi: katika michezo ile hapakuwa na mtu mzima mwenye filimbi.

Ndivyo ilivyo chandimu, kandanda ya watoto isiyo na refa, huko Kilombero. Msimu wa mpunga familia nyingi za bondeni huhamia kwenye vibanda vya shambani, mbali na shule. Watoto hutafuta penye uwazi na pakavu, wakafunga mpira wa makaratasi na matambara kwa kamba, wakaweka mawe mawili kuwa magoli. Uwanja ukiwa mdogo, kona tatu ni penalti. Goli halina mwamba wa juu, hivyo kila shuti la juu hujadiliwa upya. Mchezaji hodari hupewa upande dhaifu, maana mchezo wa upande mmoja hauchezeki. Mwenye mpira akinuna anaweza kuondoka nao, kwa hiyo lazima abembelezwe, lakini akizidisha ukali hatapata wa kucheza naye. Kila mmoja ana uwezo wa kuuvunja mchezo, na kwa sababu hiyo wote hulazimika kuulinda. Sijaona somo la uraia linalofundisha jambo hili vizuri zaidi.

Kuhusu ng'ambo, John Bale, katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya wanamichezo wa kigeni katika vyuo vikuu vya Marekani, aliiona safari hiyo kama uhamishaji wa misuli. Ana haki kwa kiasi, lakini anawafanya wasafiri kuwa mizigo tu. Mwanariadha Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso akiwa mtu mzima wa takriban miaka 25. Alishinda medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980 angali mwanafunzi, na baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha nchini. Huyo si mzigo.

Hata hivyo, ushahidi ninaoutegemea hauko uwanjani, uko maabarani Ifakara, humohumo bondeni. Maabara iliyoanzishwa mwaka 1957 na Rudolf Geigy wa Basel ilikuwa ya Waswisi waliokuja kuchunguza magonjwa ya huku. Kanuni zilikuwa zao. Kilichoibadili ni Watanzania waliokwenda Basel kwa shahada ya uzamivu huku swali lao likibaki bondeni. Hassan Mshinda, Salim Abdulla na Honorati Masanja wote walipata uzamivu huko, na kila mmoja kwa zamu yake aliiongoza taasisi iliyotokana na maabara hiyo. Tazama mradi wao wa vyandarua uliouza "Zuia Mbu" Kilombero na Ulanga kuanzia miaka ya 1990. Kwanza wananchi waliulizwa wanavyoielewa homa na wanavyoweza kununua. Mwaka 2001 Abdulla na wenzake walionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa vilipunguza sana vimelea na upungufu wa damu kwa watoto wa chini ya miaka 2, na uchambuzi mwingine wa mradi huohuo ukaonyesha uhai wa watoto wadogo kuongezeka kwa asilimia 27. Basel iliwapa zana. Swali la kuzitumia lilikuwa la bondeni.

Nitaambiwa kwamba hao walikuwa wachache na waliochujwa. Kweli, lakini mchujo hauelezi kwa nini walirudi na kushika usukani. Pingamizi la wasichana ni zito zaidi: chandimu huwaweka kando, na mara nyingi ni mwalimu mwenye filimbi anayewafungulia uwanja. Nalikubali. Ila wasichana wana mchezo wao wa rede, wenye ubishi na kanuni za kujitungia, na sijaona msaka vipaji akisimama kuutazama.

Mfano wa taasisi moja hauwezi kubeba taifa zima. Lakini unatosha kudai kwamba shule za mkondo wa amali zitenge vipindi ambavyo wanafunzi watajitungia mchezo na kujiamulia wenyewe, na kwamba bodi za ufadhili zimuulize mwombaji, kabla ya alama zake, ni swali gani la kwao analokwenda nalo.