Historia ya Chubwi la Risasi

Mvuvi huhesabu ndoana zake na kuzishona nyavu zake kila zinapotatuka, lakini chubwi hulikumbuka siku linapokatika likabaki mwambani. Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, yafaa tukieleze kitu hicho kidogo. Maana historia yake ni ndefu, na ndani yake mna funzo lihusulo uhai wa watoto wetu.

Chubwi la kwanza lilikuwa jiwe. Watu wa kale walitoboa mawe au kuyachonga mfuo wa kufungia kamba, na mpaka leo ziko nyavu zizamishwazo kwa mawe. Risasi ilipojulikana, ilipendwa kwa sababu mbili. Kwanza ni uzito. Risasi yapita uzito wa maji ya kiasi kile kile zaidi ya mara 11, hali chuma hakifiki mara 8; basi kipande kidogo chatosha kuupeleka mshipi chini penye mkondo mkali. Pili ni wepesi wa kuyeyuka. Chuma hakiyeyuki mpaka moto ufike digrii 1,538 za Selsiasi, na shaba 1,085. Risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu. Moto wa makaa, ukipepewa vema, waiweza. Kwa ajili hiyo kazi ya kusubu risasi haikumngoja mhunzi na mivukuto yake, bali iliingia uani na jikoni mwa mvuvi mwenyewe.

Kazi hii ni ya kale sana. Mnamo karne ya 14 kabla ya Kristo merikebu moja ilizama karibu na Uluburun, pwani ya Uturuki. Wataalamu waliochimbua mabaki yake kati ya mwaka 1984 na 1994 walikuta humo machubwi ya risasi, pamoja na ndoana na sindano za kushonea nyavu. Naye Homer, malenga wa Wayunani, katika utenzi wake wa Iliad alimfananisha mjumbe wa miungu azamaye baharini na chubwi la risasi la mvuvi.

Namna ya kusubu haikubadilika sana tangu zamani hizo. Risasi huwekwa katika chombo cha chuma juu ya moto. Ikiisha kuyeyuka, taka zinazoelea juu huondolewa kwa upawa, kisha risasi humiminwa katika kalibu ya jiwe, ya udongo, ya mchanga au ya madini. Kalibu sharti iwe kavu kabisa. Tone moja la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huirusha risasi usoni mwa mtu. Katika karne ya 20 wavuvi wengi wa Ulaya na Marekani walisubu nyumbani machubwi, na hata ndoana zenye kichwa cha risasi, ambazo hufungwa manyoya na kuchezeshwa majini ili samaki mkubwa azidhanie kuwa samaki mdogo. Risasi yenyewe waliipata katika mabomba ya zamani na katika vipande vya kusawazishia magurudumu ya motokaa.

Hatari ya moto huonekana. Hatari ya sumu haionekani. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba wafanyao kazi ya risasi walikuwa na rangi ya kupauka, na kwamba mvuke utokao wakati wa kusubu huiondolea damu yao nguvu. Elimu ya leo yaongeza kwamba vumbi, na zile taka za juu, hudhuru vilevile. Hushika mikononi, nguoni na katika vyombo vya kulia, huingia mwilini, kisha hukaa mifupani kwa miaka mingi. Katika risasi iliyomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima, nayo humharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama.

Mfano wa kusikitisha watoka Thiaroye-sur-Mer, mji wa wavuvi kando ya Dakar, nchini Senegal. Kwa miaka mingi wahunzi wa huko walivunja betri za motokaa, wakatoa risasi na kuisubu kuwa machubwi ya nyavu. Mabaki yake yalichanganyika na mchanga wa mitaa. Bei ya risasi ilipopanda sana duniani, wanunuzi walikuja kutaka hata mchanga wenyewe. Akina mama waliuchimba, wakauchekecha, wakauweka magunia majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Wataalamu waliwapima watu 81, wakubwa kwa wadogo, na wote walikutwa na sumu ya risasi. Na mahali pengine kilo moja ya udongo ilikuwa na gramu 302 za risasi. Akina mama wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta riziki katika kazi ambayo mji wao uliizoea tangu zamani.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri, kilichofungwa mwaka 2014, kiliwaachia wakazi sumu hiyo hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia.

Nchi nyingine zilishtushwa kwanza na vifo vya ndege wa majini waliokuwa wakimeza machubwi madogo. Uingereza ilikataza kuuzwa kwa machubwi mengi ya risasi tangu tarehe 1 Januari 1987. Kanada nayo, mwaka 1997, ilikataza machubwi madogo ya risasi katika mbuga zake za taifa. Wavuvi wakageukia chuma, bati na madini mengine, na uvuvi haukufa.

Je, haya yauhusu nini ushirika? Mvuvi husubu risasi jikoni kwa sababu yu peke yake: chubwi la dukani ni ghali kwake, na betri mbovu hupatikana kwa bei ndogo. Shida hiyo haiondoki kwa kumkemea. Wanachama wakinunua kwa pamoja, machubwi ya chuma yaweza kushuka bei; mawe na udongo uliochomwa vyafaa kwa nyavu nyingi; na palipo lazima kusubu risasi, patengwe mahali pamoja penye upepo, mbali na nyumba na visima, pasipofika mtoto, na mfanya kazi aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi kwake.

Katika ushirika twapenda kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba, tukinena juu ya akiba na hisa. Sumu ya risasi nayo hujaza kibaba chake vivyo hivyo, chembe kwa chembe, katika mifupa ya mtoto. Basi katika miaka kumi ijayo tukijaze kibaba kile cha kwanza, na hiki cha pili tukizuie kisijae.