Kutoka Kipande cha Shingoni Hadi Leseni ya Fundi Umeme

Kila moto unapozuka katika mitaa ya mabati ya Nairobi, na kila vibanda vya soko vinapoteketea usiku mmoja pamoja na mitaji ya wenyewe, tetesi za hitilafu ya umeme husikika kabla majivu hayajapoa. Lakini ni nadra kuulizwa, na ni nadra zaidi kujibiwa, ni nani aliyezipitisha nyaya zile darini na ukutani, ujuzi wake aliupata kwa nani, na ni mamlaka gani iliyompa idhini ya kuigusa nguvu ambayo haionekani kwa macho wala haimpi mtu wasaa wa kujuta. Swali hilo ndilo lililonituma kuitafuta tarikhi ya hati za fundi umeme katika nchi ya Kenya. Nilidhani nitakutana na kanuni za waya na fyuzi tu, kumbe njiani nikakuta jambo zito kuliko hilo, nalo ni kwamba serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuiandika na kuihifadhi habari ya mtu mfanyakazi kabla haijatunga sheria ya umeme wenyewe.

Habari ya umeme kufika pwani ni mashuhuri. Kampuni ya umeme ya Kenya husimulia kwamba jenereta iliyowahi kumulika kasri la Seyyid Barghash kule Unguja ilinunuliwa mwaka 1908 na Harrali Esmailjee Jeevanjee, tajiri wa Mombasa, ikahamishiwa mji huo. Na mwaka huo huo Clement Hirtzel akapata haki ya kuuletea mji wa Nairobi umeme wake. Sheria ya Nguvu za Umeme ikapitishwa mwaka 1919, na mwaka 1922 kampuni mbili za miji hiyo zikaunganishwa kuwa moja. Huko Uingereza, ambako sheria zetu zilitoka, wataalamu wa simu na umeme walikuwa wamekwisha kuchapisha kanuni zao za kwanza tangu mwaka 1882, na makusudio yake yalikuwa kuzuia moto usisababishwe na taa hizi mpya. Kwa hivyo asili ya kumtaka fundi umeme awe na sifa maalumu ni khofu ya moto, nayo ni khofu ya haki.

Lakini hati ya pili, ile inayoeleza si ujuzi wa fundi bali mwenendo wake, ilizaliwa kwa khofu nyingine kabisa. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwaandikisha wenyeji, nayo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha ikaanza kutekelezwa, ikamlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 kuchukua kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, mshahara aliolipwa, na siku aliyoingia na kutoka kazini. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikasha cha chuma, na wengi wakakitungika shingoni kwa kamba. Mwenye kuondoka kazini bila bwana wake kutia sahihi alikuwa hawezi kuajiriwa penginepo, na mwenye kukutwa bila kipande alistahiki faini au kifungo. Fundi aliyejua kazi barabara na kibarua asiyejua lolote walikuwa sawa mbele ya karatasi ile, kwa maana haikuuliza mtu anajua nini. Iliuliza ni mtumishi wa nani.

Katika kuifuata kadhia hii nimemtegemea zaidi Harry Thuku, ambaye kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa msaada wa Kenneth King, kilitoka mwaka 1970, mwaka aliofariki. Na msomaji ataona kwamba hasira yake imeniambukiza. Thuku mwenyewe alikuwa na doa katika kumbukumbu za polisi, kwani mwaka 1911, akiwa kijana mdogo, alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kughushi hundi. Alipotoka alipanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi, kisha akawa mpokea simu katika Hazina ya serikali, akaketi mbele ya nyaya siku kutwa. Na lau maisha ya mtu yangalihukumiwa kwa kosa moja la ujanani, Kenya ingalimkosa mmoja wa viongozi wake wa awali. Mwaka 1921 alisimama mbele ya umma kupinga kipande, kodi ya kichwa na mishahara iliyokatwa, akakamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru, alipoona wanaume wanasita, akawaaibisha kwa kuinua nguo yake na kuwataka wampe suruali zao. Risasi zikamiminika, na serikali ikakiri vifo 21, miongoni mwa wa kwanza akiwa mama huyo. Thuku akapelekwa Kismayu, na kifungo chake kikaendelea kwa karibu miaka 9. Mwaka aliokamatwa ulikuwa ule ule ambao taa za Nairobi na za Mombasa ziliwekwa chini ya kampuni moja.

Kipande kikaendelea kwa miaka 25 mingine, na kukoma kwake ndiko kulikozusha ugomvi ambao vijana wetu hawafundishwi vya kutosha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa amekwisha kulikariri dai la watu wake kwamba aibu ile iondolewe. Na mwaka 1947 serikali ikapitisha sheria mpya ya kuwaandikisha wanaume wa rangi zote, kila mmoja kwa alama za vidole. Waafrika waliona kwamba maadamu mizigo ni sawa, aibu imepungua. Walowezi wa Kizungu, walioishi na kipande cha wenzao kwa muda wa miaka 27 wasione ndani yake dhuluma yoyote, waliposikia kwamba sasa vidole vyao wenyewe vitatiwa wino, waliitisha mikutano, wakaandika barua magazetini, wakasema kwamba alama za vidole ni za wahalifu na kumtaka muungwana azitoe ni kumtukana. Ghasia hizo zilikua hata serikali ikamwita Sir Bertrand Glancy, aliyekuwa Gavana wa Punjab, afanye uchunguzi. Naye katika ripoti yake ya mwaka 1950 akashauri kwamba mwenye elimu ya kutosha aweze kutoa picha na sahihi yake badala ya vidole. Wino ukabaki, aghalabu, kwa maskini.

Nasisitiza habari hii kwa sababu hoja ya walowezi ilikuwa ya kweli, ila waliitamka siku ilipowagusa wao. Kumchukua mtu alama za vidole kabla hajatuhumiwa kwa lolote ni jambo zito, na lilikuwa zito vile vile mwaka 1920.

Yaliyofuata baada ya uhuru ni mafupi kusimulia. Mitihani ya ufundi ilikuwa ya madaraja, ya 3 chini na ya 1 juu. Sheria ya mwaka 1919 ikafutwa na ile ya mwaka 1997, iliyounda bodi ya kusimamia umeme. Sheria ya nishati ya mwaka 2006 ikaja, kisha ile ya mwaka 2019 iliyoikabidhi kazi hiyo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Leo fundi hupanda kutoka leseni ya C2, ya nyumba ndogo, hata A1 iliyo juu ya zote, na kabla nyumba haijaunganishwa na umeme, mwenye leseni hutia sahihi yake kuwa dhamana ya kazi ile.

Fauka ya hayo, kijana anayetafuta kazi hutakiwa mara nyingi kuleta cheti cha tabia njema kutoka polisi, na ili akipate hupaka wino vidole vyote 10, hulipa ada, na baada ya mwaka mmoja aghalabu hutakiwa kurudi tena. Sikipingi cheti hicho. Mwenye kuingia nyumba za watu, akapanda dari zao na kujua milango yao, ni haki aaminike. Ninachokiona kuwa kosa ni kwamba tumeurithi utamaduni wa kipande tukauacha ule wa kanuni za mwaka 1882: mwajiri hukagua vidole vya fundi kwa makini, ilhali mwenye nyumba anayemwita mtu wa mtaani aunge waya kutoka kwa jirani hamwulizi kama amewahi kufanya mtihani hata mmoja. Rekodi ya polisi haijapata kuzima moto.

Basi wewe msomaji unayejenga, au unayepangisha vyumba, nakusihi: kabla fundi hajapanda ngazi, mwombe leseni yake, isome daraja lake, uhakikishe kwa EPRA kwamba ingali hai, na ikiwa ni C2 naye anataka kufunga mashine za kiwanda chako, mshukuru na umtafute mwingine.