Nauli ya Kwenda Kutafuta Digrii



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali zito: je, fedha apewazo kijana wetu aendaye Chuo Kikuu ni zawadi au ni deni? Maneno yalikuwa mengi, na Mwenyekiti akaliahirisha. Kwa kuwa kazi yetu ni kutunza vitabu vya Chama, twaomba ruhusa tuwakumbushe jinsi wa zamani walivyolipa, kabla kura haijapigwa.

Kwa miaka mingi aliyetaka masomo ya juu pasipo kuvuka bahari aliutazama mlango mmoja, Makerere, ambako tangu 1949 wanafunzi walitayarishwa kwa digrii za London. Mlango ule ulikuwa mwembamba. Wengi waliofaulu mitihani ya sekondari waliishia kuwa makarani, cheo ambacho hatukidharau, maana ndicho kitulishacho.

Ndipo Bwana Tom Mboya alipozunguka Marekani mwaka 1959 kuomba nafasi vyuoni, akazipata. Lakini nafasi si nauli. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango, na Septemba mwaka ule ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi mpaka New York. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari iliyofuata.

Hayo yameandikwa sana. Yaliyoandikwa kidogo ni ya huku kwetu: mzee aliyeuza ng'ombe, akina mama waliopika chai ya mchango, dansi za kiingilio, kuku aliyenadiwa mara tatu akirudishwa mezani kila mara. Na watu hao walichangia karatasi ambayo wakubwa wa serikali ya kikoloni walisema haina thamani, kwa kuwa yatoka Marekani wala si Uingereza! Wanafunzi nao walipofika waliosha vyombo na kufagia ili wapate fedha za matumizi.

Thamani yake ilionekana. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, meza za serikali zilihitaji watu, nao walikuwa wakirudi. Wangari Maathai, aliyesafiri 1960, alipata digrii yake Kansas mwaka 1964, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Deni la wale wa zamani halikuandikwa popote, lakini wengi walililipa: aliyerudi aliwapokea wadogo zake mjini, akawalipia karo. Kinyume chake, Serikali ilipoanza kukopesha wanafunzi wa Chuo Kikuu mwaka 1974, mikopo ile iliandikwa vizuri, na wengi wakaifanya sadaka, hata ikabidi Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iundwe kwa sheria mwaka 1995. Twaona sababu ni moja: mdai wa kwanza alikuwa jirani, wa pili alikuwa mbali.

Chama chetu kina ujirani, na kitabu pia kinacho. Kwa hiyo sisi twapendekeza liwe deni lisilo na riba, lilipwe kijana apatapo kazi, nalo liende moja kwa moja kwa mtoto afuataye. Asiyepata kazi asisumbuliwe. Siku hizi wenye digrii wasio na kazi ni wengi, na wengine wamo nyumbani mwetu. Majina ya waombaji wa mwaka ujao yako kwa Katibu.