Fouga Moja Juu ya Jadotville

Sisi wa Tshangalele tuna ziwa kwa sababu Wabelgiji waliuziba mto Lufira pale Mwadingusha, ili mitambo ya shaba ya kampuni ya Union Minière ipate umeme. Vita vya Katanga kujitenga na Kongo navyo viliifuata shaba hiyohiyo. Septemba 1961, huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa, 150 na ushee, walizingirwa siku tano. Wapiganaji wa Katanga waliowazingira walikuwa na ndege moja tu ya kivita, Fouga Magister, iliyotokea Kolwezi. Ilipiga magari ya Waairishi, ikarudi zake. Helikopta iliwaletea maji, kumbe madumu yalikuwa ya mafuta, hayakunyweka. Tarehe 17 wakasalimu amri. Hakuna Mwairishi aliyefia pale.

Ninaitaja ile Fouga kila vijana wanapobishana kuhusu droni. Rubani wake hakuziona nyuso za aliowapiga, ila naye angeweza kutunguliwa. Anayeongoza droni yuko chumbani, hana hofu hiyo, na hilo ndilo linalonikera. Kifaa chenyewe sikilaumu: Desemba 2013 MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa huku Kongo, ilirusha kutoka Goma droni zisizo na silaha, za kwanza kwa Umoja wa Mataifa, na Mei 2014 mojawapo iliona watu wanazama Ziwa Kivu, walinda amani wakaenda kuwaokoa. Leo jeshi letu lina droni za China zinazopiga. Bomu likiangukia raia sokoni, tumshitaki nani: aliyebonyeza, aliyeamuru, au aliyeuza?