Tope, Mahakama na Diski: Somo la Kumbukumbu kutoka Hanang na Mbulu

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ya mvua iliporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi Katesh, Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Msiba huo haulinganishwi na karatasi. Hata hivyo, nyumba inapozolewa na tope huondoka na cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja na picha pekee ya marehemu baba. Aliyenusurika huanza maisha upya akitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni nani na kwamba palipofukiwa palikuwa pake.

Swali la uthibitisho si geni Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kilimo kikubwa cha ngano kilipanuliwa katika tambarare za Basotu kwa msaada wa Kanada, chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mashamba saba yakafikia takriban ekari 100,000, katika malisho waliyoyatumia wafugaji wa Kibarbaig kwa vizazi vingi. Kumbukumbu yao ya ardhi ilikuwa katika vichwa vya wazee na katika bung'eda, yaani makaburi ya kichuguu ya watu walioheshimiwa. Baadhi ya makaburi hayo yalilimwa na matrekta.

Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikautengua: baraza la kijiji halikuthibitisha kwamba liligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria, nao wanakijiji hawakuthibitisha kwamba walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria. Tunaweza kubishana na hukumu hiyo, nami ni miongoni mwa wanaobishana nayo. Lakini funzo lake halikwepeki. Dola husikiliza kumbukumbu iliyoandikwa, na asiyekuwa na nakala yake hutegemea ya mwenzake.

Mbulu inatupa mfano wa upande wa pili. Misheni ya Tlawi ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Katika parokia za namna hiyo muumini hukaa na cheti cha ubatizo, na daftari hubaki kanisani. Nyumba ikiungua, cheti kingine huandikwa. Hekima yote ya kuhifadhi taarifa imo humo: taarifa moja, mahali zaidi ya pamoja.

Mimi mwenyewe nilichelewa kujifunza. Mahojiano niliyoyarekodi na wazee wa Dongobesh kwa ajili ya shahada ya uzamivu niliyaweka yote kwenye diski moja ya nje. Siku moja ilianguka kutoka mezani ikiwa inazunguka. Ikatoa mlio wa kugongagonga, kisha ikanyamaza. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wameshafariki. Sauti zao sikuzipata tena.

Ndiyo maana naandika kuhusu kifaa ambacho wengi hukinunua kwa kuangalia bei tu. Diski ya kwanza ya kibiashara, ya kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na uzito wa karibu tani moja na ilihifadhi herufi milioni 5, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo ingekijaza. Leo diski ya terabaiti 1 inaingia mfukoni na kubeba picha kama 250,000 za megabaiti 4. Hasara nayo imekuwa ndogo kwa umbo na kubwa kwa uzito: ukoo mzima unaweza kupotea kwa mpira mmoja wa mtoto sebuleni.

Diski ya sahani zinazozunguka ni nafuu na inafaa kukaa kabatini, ila haivumilii kudondoka. Ile ya SSD haina kinachozunguka, hivyo inastahimili zaidi misukosuko ya barabara ya Haydom. Lakini ikiachwa miaka mingi bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba. Flashi ni ya kusafirishia, si ya kutunzia. Ukiuziwa terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana, umeuziwa uongo: ijaribu kwa programu ya kupima ujazo kabla ya kuiamini. Usiichomoe kabla ya kuiondoa kwenye kompyuta kwa utaratibu, na usiiache imechomekwa umeme unapokatika na kurudi.

Kisha fuata kanuni ya Tlawi. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski nyumbani, ya tatu mbali na nyumba, kwa ndugu aliye Babati au Arusha, au kwenye hifadhi ya intaneti. Zifunge kwa nywila, na nywila hiyo aijue mtu mmoja unayemwamini, la sivyo utakufa nayo. Kila mwaka zifungue uhakikishe zinasomeka.

Watumishi wa umma na watafiti wanabeba wajibu wa ziada. Orodha ya wagonjwa au ya wanakijiji iliyo kwenye diski yako nyumbani si mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uilinde, na historia ya Basotu inaeleza kwa nini: anayeshika taarifa za watu ameshika sehemu ya haki zao.

Hati ya hakimiliki ya kimila unayo? Ipige picha leo. Mzee wako yu hai? Mrekodi akitaja mipaka ya shamba na majina ya waliozikwa humo. Kisha nakili mara tatu, kabla mvua nyingine haijanyesha mlimani.