Makaa ya Kale na Umri wa Unguja

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani yamo maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Masihi. Kwa kuwa jiwe lasema, twaweza kudhani kwamba historia ya kisiwa chetu yaanzia hapo. Lakini wengi waliotangulia hawakutuachia maandishi. Walituachia majivu na makaa. Je, makaa yaweza kutaja tarehe?

Yaweza. Kila mti ulio hai huvuta kaboni hewani, na sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo, iitwayo kaboni 14, huharibika yenyewe. Mti ukifa hauvuti tena. Iliyomo hupungua tu. Na tufikiri pishi moja ya mchele, yaani vibaba vinne. Baada ya miaka 5,730 hubaki vibaba viwili. Baada ya mingine kama hiyo hubaki kibaba kimoja, wala si mkono mtupu. Kisha nusu kibaba. Muda huo wa kupungua nusu ndio uitwao nusu-uhai. Moto hauuharakishi, wala baridi haiucheleweshi.

Ernest Rutherford aliueleza mwendo huo mwaka 1900, kwa gesi itokayo katika thoriamu, ambayo hupungua nusu kwa muda wa karibu dakika moja. Mwaka 1949 Willard Libby na mwenziwe wa Chicago walionyesha kwamba kaboni 14 yaweza kupima umri wa vitu vya kale. Naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Huku kwetu, makaa na vigae vya Unguja Ukuu, alikochimba Abdurahman Juma na wengine baada yake, vimeonyesha kwamba watu walikaa pale tangu karne ya 7 hivi. Katika kila sehemu 100 za kaboni 14 ya makaa ya zama hizo, zimebaki kama 85. Na katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, zimepatikana dalili za watu wa zaidi ya miaka 17,000 iliyopita, wakati Unguja ilipokuwa imeungana na bara. Kwa umri huo, pishi yetu imekwisha kufikia kama nusu kibaba.

Hata hivyo tusipime kwa pupa. Makaa hutaja kufa kwa mti, si kuwashwa kwa moto. Gogo la kale laweza kumpoteza mchimbaji. Ndiyo sababu wataalamu huyalinganisha na vigae na mbegu. Basi jiwe la Kizimkazi halikanushwi. Limepata wakubwa wake.