Feruzi: jiwe, rangi na jina



Hapa Kampala watoto wetu hulijua Feruzi kama jina la mtu kabla hawajaliona jiwe lenyewe. Mwenye jina hilo akiulizwa shuleni maana yake, mara nyingi hana jibu. Leo tumsaidie.

Feruzi ni jiwe la rangi iliyo kati ya buluu na kijani. Shaba iliyomo ndiyo huleta ubuluu. Chuma kikichanganyika, rangi huelekea kijani. Halimetimeti kama almasi, wala si gumu hivyo: kwa kipimo cha 1 hadi 10, almasi ni 10, feruzi ni 5 hadi 6. Tena hunyonya mafuta, jasho na manukato, ndiyo maana pete ya babu hubadilika rangi kwa kuvaliwa. Watu wamelipenda kwa rangi yake tu.

Wamisri wa kale walilichimba Sinai zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Lililosifiwa zaidi lilitoka Nishapur, Uajemi, na mwanachuoni Al-Biruni (973–1048) aliliandika katika kitabu chake cha vito. Jina lake ni la Kiajemi, maana yake mshindi. Hata sahaba Fayruz ad-Daylami wa Yemen aliitwa hivyo.

Lakini kuna upande mchungu. Katika pwani yetu, mabwana waliwapa watumwa majina ya vito: Almasi, Marjani, Johari, Feruzi. Mtu alinyang'anywa jina alilopewa na mamake, akaitwa kama kito kilicho mali ya mwingine. Jina la mshindi akapewa aliyetekwa!

Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hali ya utumwa haikutambuliwa tena na sheria. Majina yalibaki. Yalifika bara pamoja na misafara ya biashara, ambayo ndiyo iliyoleta Uislamu Buganda enzi za Kabaka Suuna II. Leo akina Feruzi ni wengi, hasa mashariki ya Kongo.

Basi wazazi, mtoto akiuliza tusimfiche. Tumwambie jiwe ni zuri, na waliobandikwa jina hilo kwa nguvu walipokuwa huru, wapo ambao hawakulitupa. Waliwarithisha wajukuu wao, na safari hii walilitoa wenyewe, kwa mapenzi.